Mtu kwa Mtu

Wifi yangu Cibalonza ni mpole, na upole wake umeniletea shida nyingi kuliko ukali wangu mwenyewe. Nasema hivi mapema ili msomaji ajue nimesimama upande gani. Mimi ni Rosette, nauza vitenge sokoni Kadutu, na Chris ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nilimbeba mgongoni kabla hajajua kutembea. Kwa hiyo mama yake anapomlilia, asidhani analia peke yake.

Chris ni askari. Alitekwa katika vita vya kule kaskazini, milimani. Majina ya pande mbili sitayataja: aliye Bukavu anayajua, na asiye Bukavu hayatamsaidia kitu. Kwa muda mrefu hatukujua kama yu hai. Kisha siku moja akaja nyumbani kwa Cibalonza, huko Bagira, mwanamke wa Croix-Rouge, yaani Msalaba Mwekundu, aitwaye Martine, akatuambia amemwona Chris kwa macho yake. Amekonda, lakini ni mzima, na anauliza goti la mama yake linaendeleaje. Tulilia mpaka majirani wakafikiri kuna msiba, wakaja na kuni.

Baada ya habari ile ndipo Cibalonza alipoanza wazimu wake. Shirika letu, yaani familia za mtaa zinazosali pamoja, lina desturi ya kuwapelekea wafungwa chakula kwa zamu. Kwetu mfungwa hulishwa na jamaa zake, na asiye na jamaa mjini anaishi kwa huruma ya watu. Wakati ule kulikuwa na mateka wa upande ule, walioshikwa vitani na kufungiwa katika jengo moja refu nyuma ya kambi. Zamu yao hakuna aliyeitaka. Kwenye mkutano wa shirika kila mtu aliangalia viatu vyake, na Cibalonza akanyoosha mkono.

"Unalisha nyoka," nilimwambia tulipotoka.

"Nalisha mutoto ya mutu," akajibu. "Na ule wa kwangu, kule kwenye iko, nani anamupikia?"

Mlinzi wa mlango, jina lake Hugues, hakutaka kumwingiza hivi hivi. Waliruhusiwa jamaa tu. Akamuuliza, "Maman, weye uko nani yake?" Cibalonza hakujua hata jina la mtu aliyekuja kumlisha. Akasema, "Niko mama yake." Hugues akauliza mama ya nani. "Ya ule mwenye hana mama hapa," akajibu wifi yangu, na sufuria imefungwa kwenye kitenge kichwani. Hugues akacheka, akaenda kumleta kijana mmoja mrefu, mwenye macho ya mtu asiyelala. Ndiye Philémon.

Sasa hapa lazima nieleze jambo. Kwetu hofu ya sumu ni ya kila siku. Hata soda hufunguliwa mbele ya mgeni, na pombe ya ndizi mwenye nyumba huonja kwanza, ndipo ampe mwenzake. Si matusi, ni adabu. Basi fikiria mateka, amefungwa na adui, na mama wa adui anamletea bugali ya moto, ndio ugali wetu. Cibalonza akamega bugali, akaonja mbele yake. Kijana hakugusa. Akaonja sambaza, vile visamaki vya ziwa letu, akatafuna mpaka na vichwa. Kijana akageuka kutazama ukuta. Mtu mwingine, na mtu huyo ni mimi, angefunga sufuria yake akaenda zake. Cibalonza aliketi chini kwenye saruji, pamoja na goti lake bovu, akaanza kula kabisa, tonge baada ya tonge, kama mtu aliyejipikia mwenyewe. Ilipobaki nusu, Philémon akasogea.

Tangu siku ile walikula pamoja kila alipokwenda, na alikwenda hata siku zisizo zake. Wifi yangu alinenepa mwaka huo. Nilimtania kwamba vita vinamfaa.

Mara moja moja nilimsindikiza, kwa sababu ya goti lile na kwa sababu nilitaka kumwona huyo nyoka. Nilikuta mtoto. Ndevu zenyewe zilikuwa za kuhesabika. Alikuwa akienda sokoni na kaka yake kuuza maharage walipokamatwa njiani na watu wa upande wake mwenyewe, wakapewa bunduki kwa nguvu. Kaka akajaribu kutoroka, wakampiga risasi mbele yake. Philémon akangoja, na siku ya kwanza aliyokutana na askari wetu akatupa bunduki chini, akanyoosha mikono. Wenzake walimwona akifanya hivyo.

"Nikirudia kule bataniua, maman," alimwambia Cibalonza. "Baliniona vile nilitupa bunduki. Mie sikushikwa. Mie nilijitoa."

Cibalonza alimpangusa mdomo kwa ncha ya kitenge, kana kwamba ndilo lililokuwa la haraka zaidi. Mimi nilitazama pembeni. Sikupenda kumhurumia yule kijana, lakini huruma haiombi ruhusa.

Ndipo zikaja habari za kubadilishana mateka. Zilianza kama uvumi, kisha redio ikasema, kisha Martine mwenyewe akathibitisha. Pande mbili zimepatana: mtu kwa mtu. Jina la Chris lilikuwamo kati ya watakaorudi. Na Philémon alikuwamo kati ya watakaopelekwa.

Babu yetu alizoea kutusimulia juu ya mzee mmoja wa ukoo aliyetekwa katika vita vya watemi wa zamani, akakombolewa kwa ng'ombe. Mpaka kufa kwake watoto walimtania wakimwuliza ng'ombe yule alikuwa wa rangi gani. Nilipokuwa mdogo niliona ni kichekesho. Sasa naona wazee walikuwa na akili. Ng'ombe ukimtoa, unarudi zizini unamlilia kidogo, basi. Mtu ukimtoa ni habari nyingine.

Kulikuwa na sharti moja. Kabla ya kuondoka, kila mateka angeulizwa na Croix-Rouge, peke yake, bila askari kusikia, kama anakubali kurudi kwao. Asiyetaka habebwi kwa nguvu. Jambo zuri, nani atalikataa? Ila hesabu ya mtu kwa mtu haina huruma. Akipungua mmoja hapa, kule nako wangepunguza mmoja. Na nani angeniapia kwamba huyo mmoja si Chris wetu?

"Ongea na yule mutoto," nilimwambia wifi yangu. "Anakusikia weye. Mwambie akubali."

"Batamuua, Rosette."

"Pengine hawatamuua. Pengine watafurahi kumwona. Wewe unajuaje?"

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi sikuzaa. Hilo hakunitupia usoni, ingawa mwingine angenitupia. Siku kadhaa alipepeta maharage yaliyokwisha kupepetwa. Kisha akasema, "Sawa. Nitamuambia." Nikamwambia tutakwenda wote, maana nilimjua.

Alipika sombe siku hiyo, majani ya muhogo, na samaki mkubwa aliyenunuliwa kutoka kisiwa cha Idjwi. Nikaelewa kwamba anapika chakula cha kuombea msamaha kabla ya kosa. Tukaketi kwenye ile saruji watatu. Akala naye matonge mawili matatu, akafungua mdomo aseme, na Philémon akamtangulia.

"Maman, ba Croix-Rouge balikuja asubuhi kuniuliza. Niliwaambia nakubali. Nitarudi kwetu."

Cibalonza akabaki na tonge mkononi.

"Hugues aliniambia kama uko na mutoto kule," kijana akaendelea, na alikuwa anatabasamu, Mungu anisamehe, kama aliyefaulu mtihani. "Juu ya nini hukuniambia? Unakuja kila siku, unakula na mie, na wako iko mu mikono ya batu yetu. Basi mie naenda, na yeye anakuja. Iko vizuri. Kula, maman."

Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa moyo wote, nikamwita baba, nikamwita mwanangu. Cibalonza aliosha sahani, akafunga sufuria yake, akamshika kijana kichwa kwa mikono miwili, tukatoka. Njia nzima mimi naimba tenzi na yeye anachechemea. Nilidhani ni goti.

Baada ya siku chache Martine akaja Bagira. Hugues alikuwa amemwambia kwamba yule mateka ana mama mjini. Martine alijua vizuri kwamba si mama wa kuzaa, lakini alikuwa mwanamke makini, na jibu la Philémon halikumkaa sawa. Alisema kijana alijibu haraka mno, kama mtu anayeogopa kubadili mawazo. Akauliza kama sisi tunajua lolote.

"Anakubali," nilisema mimi. "Alituambia mwenyewe, tena anacheka."

Martine akamtazama Cibalonza. Wifi yangu alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Anadanganya," akasema. "Anadanganya kwa ajili yangu. Akifika kule batamuua, baliona vile alijitoa. Mumuulize tena. Mumuambie mama yake amekatala."

Nilisikia mtoto wa jirani akisoma somo lake la Kifaransa kwa sauti.

"Maman Chris," Martine akasema polepole, "unajua kama mumoja akitoka huku, kule pia batapunguza mumoja. Mie siwezi kukuambia itakuwa nani. Hata mie sitajua mbele ya siku yenyewe."

"Najua."

"Anaweza kuwa wako."

"Nilishakuambia najua," akasema Cibalonza, na ndiyo mara pekee niliyopata kumsikia akimkaripia mgeni.

Martine alipoondoka nilisema maneno ambayo sitayarudia yote. Nilimwambia amemuuza mtoto wa kaka yangu. Nilimwambia kaka yangu kaburini amegeuka upande. Alinisikiliza mpaka nilipokosa pumzi.

"Chris nilimuzaa," akasema. "Ule nilimulisha. Nikimutuma akufe, Chris atakuja kula mu mukono gani? Huu?" Akaninyooshea mkono wake, kiganja juu. "Mie pia naogopa, Rosette. Usifikiri siogopi."

Nilitoka bila kuaga. Sikumsemesha tena mpaka siku ya kubadilishana, na hata leo sijasema kwamba alikuwa na haki. Nasema tu alivyofanya.

Siku hiyo familia ziliitwa Mudaka, kwenye uwanja ulio kando ya barabara, kaskazini ya mji. Nilimkuta Cibalonza tayari ameketi kwenye majani, amevaa kitenge kile nilichompa mimi wakati wa ubatizo wa Chris. Nikaketi karibu naye, si karibu sana. Kati yetu na magari ya askari walikuwa akina mama wengi, kila mmoja na kapu lake, kila mmoja anajifanya mtulivu.

Upande wa kulia aliketi mkulima wa pale pale Mudaka, Maman Gisèle. Miguu yake ilikuwa bado na udongo, maana alisema ameshindwa kukaa nyumbani asubuhi, akaenda kulima ili saa zisogee. Anamngoja Bruno, mwanawe wa pekee. Amempikia kuku. Alitueleza habari za kuku mwenyewe, jinsi alivyokuwa mkorofi na jinsi Bruno alivyomchukia tangu akiwa kifaranga. Tukacheka. Hata Cibalonza alicheka.

Magari meupe yakatokea kwenye kona kabla ya adhuhuri. Tulisimama wote. Wanaume wakaanza kushuka mmoja mmoja, wakifunga macho kwa jua, na kila aliyeshuka kulikuwa na mwanamke aliyepiga kelele. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania mkono wa wifi yangu bila kujua nimeushika lini. Akashuka mmoja mwenye ndevu, amevaa sweta kubwa kuliko mwili wake. Akasimama anatafuta. Sikumjua. Mama yake alimjua.

Siwezi kueleza vizuri yaliyofuata. Nakumbuka kwamba Chris alimuuliza goti, na Cibalonza akasema limepona, uongo mtupu. Nakumbuka nilimpiga kofi la mgongo kwa jinsi alivyokonda, kisha nikamkumbatia mahali pale pale nilipompiga. Wifi yangu alikuwa anamgusa masikio, anamgusa vidole, kimoja baada ya kingine. Furaha ile ilikuwa inauma.

Tulipopata akili tena, magari yalikuwa matupu. Maman Gisèle alikuwa bado amesimama mlangoni mwa gari la mwisho. Aliingiza kichwa ndani. Akainama akaangalia hata chini ya viti.

Afisa mmoja akapanda kwenye jiwe akatangaza. Kwanza, waliorudi wamepewa siku hii moja na familia zao, kesho asubuhi waripoti kambini. Pili, upande ule umemzuia mtu mmoja, kwa kuwa huku kwetu mateka mmoja amekataa kurudi kwao. Mazungumzo yanaendelea. Familia husika iwe na subira.

"Nani alikatala?" mtu mmoja akauliza nyuma yetu. "Na sisi kwa nini tunamubembeleza?"

Nilijua ni Philémon, ameulizwa tena, nikamshika Cibalonza kitenge. Nilimjua, nimesema. Nilimnong'oneza kwa meno kwamba hakuna anayejua, kwamba Mungu ametupa wetu, kwamba anyamaze tu mara moja katika maisha yake. Akaukunjua mkono wangu taratibu, akaenda mpaka kwenye gari, Chris nyuma yake bila kuelewa.

"Maman," alimwambia Gisèle, "ule mateka mwenye alibakia, njo mie nilimulishaka. Alikuwa amekubali kwenda, alikubali juu ya huyu wangu. Mie njo nilikatala. Kule balikuwa bamuue. Nilifikiri mwenye atabakia atakuwa wangu. Haikuwa wangu. Ni wako."

Gisèle akamtazama Chris, kuanzia viatuni kwenda juu.

"Wako umemushika mu mukono," akasema. "Na sasa unataka nikusamehe, ili umushike vizuri?"

"Hapana. Nimekuja unipige, kama unataka."

Hakumpiga. Ningeweza kusema alimkumbatia, ingekuwa hadithi nzuri, lakini hakumkumbatia pia. Alikuwa amesahau kwamba sisi tupo. Alikuwa ananyoosha kidole kwenye sweta la Chris, kwenye bega, mahali palipochanika na kushonwa kwa uzi mwekundu.

"Ule uzi niliutia mie," akasema.

"Ni ya Bruno," Chris akasema. "Tulikuwa tunalala mu blanketi moja, maman. Jana balimuambia kama atabakia. Akanivalisha hii, akasema mu njia kuko baridi."

"Alilia?"

"Alilia kidogo. Kiisha akauliza kama ile kuku mubaya ingali hai."

Gisèle akaketi pale pale, kwenye vumbi, kwenye kivuli cha gari. Chris akachuchumaa mbele yake. Akamuuliza Bruno anakula nini. Akamuuliza anaumwa wapi. Akauliza kama bado anaongea usingizini, na Chris akasema ndiyo, usiku mzima, anagombana na mbuzi. Gari likataka kuondoka, dereva akapiga honi, wakasogea hatua chache, wakaendelea. Familia nyingine zilikuwa zinatawanyika na watu wao, wanaimba. Jua lilikuwa limeshavuka utosini, na nilikuwa nahesabu kichwani saa zilizobaki kabla ya kambi, na kila swali la yule mwanamke nililiona kama linatoka mfukoni mwetu.

Chris akainua macho kumtafuta mama yake. Cibalonza alikuwa amesimama pembeni, mikono imekunjwa, anamtazama tu, kama mtu anayekunywa maji.

"Chris," akasema, "enda na mama Bruno. Kula kwake. Lala kwake. Umuambie yote, hata yenye haina maana."

"Maman, kesho asubuhi niko kambini."

"Najua."

"Cibalonza," nikasema mimi, "umemngoja muda wote huu. Hujamlisha hata tonge moja."

"Najua," akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka wazi wazi, hakuyafuta. "Yeye atakula wapi habari ya mwana wake, kama si kwa huyu?"

Gisèle alisikia. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akachukua kapu lake lenye kuku. Hakushukuru. Alimshika Chris mkono, juu ya kiwiko, kwenye sweta, akaanza kupanda naye njia inayokwenda mashambani. Tayari alikuwa anamuuliza jambo jingine. Tuliwatazama mpaka migomba ikawafunika.

Tulirudi Bagira wawili. Sufuria aliyokuwa amempikia Chris ilikuwa bado ya moto, nami nikaibeba, maana goti lilikuwa linamtesa. Nilikuwa na hasira naye kuliko siku zote, na nilimshika kiuno njia nzima ili asianguke.